Mwandishi mgeni naye apewe jembe siku ya tatu

Wahenga walituachia methali isemayo kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Aghalabu methali hii hutumiwa kumkumbusha mgeni asikae kitako akingoja kuandaliwa. Leo ningependa kuielekeza kwa mwalimu anayehamia mji mwingine akiwa na mswada wa riwaya, tamthilia au mashairi ambao haujakamilika. Yeye pia ni mgeni, na jembe lake ni kalamu. Je, jembe hilo alishike siku ya ngapi?

Jawabu tunalolisikia kila mara ni kwamba asubiri kwanza atulie. Apange vyombo, atundike mapazia, awatafutie watoto shule, amzoee mwenye nyumba, ajue maji hutoka siku gani na stima hupotea saa ngapi. Akishamaliza hayo yote ndipo arudie uandishi wake. Jawabu hili lina sura ya busara, na kwa hiyo ni vigumu kulipinga. Hata hivyo, nathubutu kusema kwamba huenda limeua miswada mingi zaidi kuliko wachapishaji wagumu na bei ya karatasi. Atakayengoja kutulia ndipo aandike atangoja sana, kwa maana nyumba haiishi kupangwa. Imani yangu ni kwamba mwandishi hutulia katika makao mapya kwa sababu anaandika.

Suala hili linawahusu walimu kuliko watu wengine. Kazi yetu ni ya kuhama. Mwalimu huajiriwa Kitale, akapandishwa cheo na kupelekwa Kimilili, kisha akahamishiwa kaunti ambayo hakuwahi kuikanyaga. Mwaka 2018 Tume ya Kuwaajiri Walimu, TSC, ilianza kuwahamisha walimu wengi, hasa wakuu wa shule, kutoka kaunti zao za nyumbani, na miaka michache baadaye sera hiyo ikalegezwa kufuatia malalamiko. Yalisemwa mengi wakati huo kuhusu familia zilizotengana na gharama za usafiri, na yalistahili kusemwa. Lakini sikumbuki mtu yeyote aliyeuliza ni hadithi ngapi zilizofungiwa katika masanduku ya mabati na hazikufunguliwa tena. Walimu ndio sehemu kubwa ya waandishi wa Kiswahili katika nchi hii. Mwalimu anapohama na kalamu yake ikakauka, fasihi yetu hupata hasara ambayo haiandikwi katika ripoti yoyote.

Mimi mwenyewe nimehama hivi karibuni kutoka Kitale hadi Bungoma. Si safari ndefu. Hata kwa lori lililosheheni magodoro, viti na kuku waliofungwa miguu, huondoka asubuhi ukapitia Kiminini na Kamukuywa, na kabla ya adhuhuri umekwisha kuteremsha mzigo. Mtu angedhani kwamba umbali mfupi namna hiyo hauwezi kumbadilisha mwandishi. Lakini Kitale iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari na Bungoma takriban mita 1,400, na tofauti hiyo huihisi mwilini. Kitale alfajiri huandika ukiwa umejifunika blanketi mabegani. Bungoma jasho hulowesha karatasi mchana. Kalenda ya shamba nayo ni tofauti. Mwezi wa Agosti, mahindi ya Trans Nzoia yakiwa bado mabichi, jirani zangu wapya wamekwisha kuvuna ya kwao na wanafikiria msimu wa pili. Hata Mlima Elgon umehama. Mkazi wa Kitale huutazama upande wa jua linapotua, ilhali mkazi wa Bungoma huutazama upande wa kaskazini. Mwandishi ambaye mhusika wake alikuwa akitazama jua likizama nyuma ya mlima huo, sasa yumo katika mji ambamo sentensi hiyo si kweli tena.

Siku ya tatu baada ya kuhamia, meza yangu ilikuwa imejaa sufuria na sahani, na vitabu vilikuwa bado katika magunia. Niliweka sanduku la nguo juu ya viti viwili, nikaketi kwenye debe, nikaandika kwa muda wa saa nzima kuanzia saa kumi na moja alfajiri. Nilipata kurasa mbili ambazo hazikuwa nzuri. Lakini saa hiyo ilikuwa ile ile niliyoizoea Kitale, na kwa saa hiyo moja sikuwa mgeni. Mchana wake bibi mmoja wa jirani, ambaye watoto wote wa mtaa humwita kukhu, yaani nyanya, alikuja na chane ya ndizi. Kabla hajaketi aliniuliza mimi ni wa ukoo gani, na lile lori lilitoka upande gani wa Nzoia. Nilipomjibu, akanisimulia habari za kaka yake aliyehamia huko Kitale wakati mashamba ya walowezi yalipogawanywa baada ya uhuru. Hiyo ni riwaya nzima aliyoniletea pamoja na ndizi. Kama kalamu ingekuwa bado imefungwa kwenye gunia, ningeusikiliza usimulizi huo kwa adabu kisha ningeusahau.

Hapa ndipo ninapotaka kuzungumza kama mwanaisimu. Sikio la mgeni ni sikio kali, lakini ukali wake haudumu. Katika majuma ya kwanza husikia kila kitu: namna watu wanavyosalimiana, majina wanayowapa watoto, maneno wanayoyachanganya na Kiswahili bila kufahamu. Baada ya miezi mitatu au minne huzoea, na mtu akishazoea hasikii tena. Kitale amkio la "mulembe" hukutana na "chamgei" kwenye foleni moja ya matatu, na mwenye duka hujibu yote mawili. Bungoma, Kibukusu ndicho kinachotawala sokoni, ingawa Watachoni, Wasabaoti na Wateso wamo pia. Kibukusu hakitofautishi sauti kama g na k au d na t jinsi Kiswahili kinavyotofautisha. Sauti hizo ghuna hujitokeza tu zinapotanguliwa na nazali. Ndiyo maana mzee wa hapa huweza kusema "kari" akikusudia gari, na "tawa" akikusudia dawa. Mwalimu wa sarufi huona kosa la kusahihisha. Mwandishi husikia mtu. Anayeandika mazungumzo ya wahusika wake asingoje hadi sikio lake liwe butu.

Hata jina la Trans Nzoia lina funzo kwa mgeni. Maana yake ni ng'ambo ya mto Nzoia. Ni dhahiri kwamba aliyelibuni alikuwa amesimama ukingo mwingine wa mto, akipaita mahali pale kwa kupahesabu kutoka kwake. Sisi wageni hufanya vivyo hivyo. Kwa muda hupaita makao mapya kwa kuyalinganisha na ya zamani: huku hakuna baridi kama kule, soko la huku si kama la kule. Kuandika kila siku ndiko kunakotuvusha mto huo. Kila anapolitaja jambo la mahali hapo kwa jina lake, mwandishi huacha kuishi ng'ambo.

Tukitazama historia ya fasihi yetu, tutaona kwamba waandishi wakubwa hawakupata anasa ya kukaa mahali pamoja. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali ya kikoloni ya Tanganyika. Alifanya kazi forodhani katika miji ya pwani, akahamishiwa Mpwapwa barani, kisha akarudi Tanga. Uhamisho huo haukuwa wa hiari yake, na ameueleza katika kitabu cha maisha yake. Lakini hakuahirisha uandishi hadi atakapostaafu. Lau angeahirisha tungekosa mengi, kwani alifariki mwaka 1962, akiwa na umri wa miaka 53 tu.

Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 2021, alifika Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960 akiwa kijana asiye na mali. Alianza kuandika akiwa na miaka 21, na amewahi kueleza kwamba upweke na kuikumbuka nyumbani ndivyo vilivyomsukuma kushika kalamu. Ugeni ambao wengi wetu tungeutaja kama sababu ya kutoandika, kwake ulikuwa sababu ya kuandika.

Tusiende mbali, tumkumbuke marehemu Ken Walibora, ambaye walimu na wanafunzi wa Kiswahili hawahitaji kutambulishwa. Alizaliwa Bungoma na kukulia Cherang'any, katika eneo la Kitale. Hata jina lake lilihama: Waliaula la Kibukusu aliligeuza kuwa Walibora la Kiswahili. Mwaka 1996 ilipochapishwa riwaya yake ya Siku Njema, wasomaji walimfuata Kongowea Mswahili kutoka Tanga hadi Kitale akimtafuta babake. Wakati huo wapo walioamini kwamba Kiswahili kizuri ni cha pwani tu, na kwamba bara haina cha kuongeza. Walibora alijibu kwa kuifanya Kitale kuwa mwisho wa safari ya Mswahili. Baadaye alisoma na kufundisha Marekani, akarejea nyumbani, na kote huko hakuacha kuandika hadi alipofariki Aprili 2020. Nani ajuaye ni Walibora wangapi wanaofundisha leo kati ya Kapenguria na Malaba, wakingoja kutulia?

Baadhi ya wasomaji watanikosoa hapa. Watasema kwamba ninawazungumzia watu wenye vipaji visivyo vya kawaida, na kwamba mwalimu wa kawaida ana madaftari ya kusahihisha, vipindi vingi, na watoto wanaolia usiku katika nyumba ngeni. Ninaikubali hoja hiyo kwa sehemu. Kuandika kunahitaji muda, na muda haugawanywi sawa. Mwandishi Mwingereza Virginia Woolf alitoa hoja mwaka 1929 kwamba mwanamke anayetaka kuandika anahitaji chumba chake mwenyewe na pesa zake mwenyewe. Familia inapohamia nyumba mpya, aghalabu mama ndiye anayefungua magunia, kupika jikoni asikokuzoea na kuwatuliza watoto, hata akiwa ni mwalimu sawa na mumewe. Kumwambia mwalimu huyo aandike siku ya tatu bila ya mtu mwingine kushika sufuria ni dhihaka. Kwa hiyo wito wangu unawahusu pia walio nyumbani. Kama mume ana saa yake ya kusoma gazeti, mke naye apewe saa yake ya kuandika, na saa hiyo iheshimiwe kama inavyoheshimiwa saa ya ibada.

Lakini sehemu nyingine ya hoja hiyo siikubali. Utaratibu wa kuandika haukuwekwa kwa ajili ya wenye vipaji pekee. Unamfaa zaidi mtu wa kawaida. Anthony Trollope alikuwa mfanyakazi wa posta nchini Uingereza katika karne ya 19, na kazi hiyo ilimzungusha sana. Alikuwa mezani saa kumi na moja na nusu alfajiri, saa yake ya mfukoni ikiwa mbele yake, akijidai maneno 250 kila robo saa kabla ya kwenda kazini. Alipokuwa safarini aliandika ndani ya gari la moshi. Aliacha riwaya 47. Naguib Mahfouz wa Misri, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1988, alikuwa mtumishi wa serikali kwa miongo mingi na aliandika katika saa alizozitenga baada ya kazi. Hawa wawili hawakuwa na nafasi kuliko mwalimu wa Bungoma. Walikuwa na saa maalumu.

Basi mwalimu mwenzangu anayefunga mizigo Desemba hii afanye nini? Nina mapendekezo machache.

Kwanza, mswada usipakiwe chini ya lori. Ufungwe mwisho, ubebwe mkononi, na uteremshwe wa kwanza. Unakili pia, uache nakala kwa mtu unayemwamini au uihifadhi kwenye kompyuta, kwa maana mvua na mchwa havijui thamani ya sura ya tano.

Pili, hamisha saa kabla hujatafuta mahali. Watu wengi hutafuta meza nzuri na dirisha lenye mwanga, wakisahau kwamba kilichowashika katika makao ya zamani kilikuwa ni wakati. Kama ulikuwa ukiandika alfajiri, andika alfajiri, hata ikiwa ni jikoni. Meza itafuata.

Tatu, usirudie mswada wa zamani kwa kuusoma tangu ukurasa wa kwanza. Ukifanya hivyo utasahihisha koma hadi muhula uishe. Anza pale ulipoachia. Ikiwa hata hilo linakushinda, andika sentensi kumi kila siku kuhusu mtaa wako mpya: nani alipita, alisema nini, aliuza nini, kwa lugha gani. Baada ya mwezi mmoja utakuwa na sentensi 300, na miongoni mwake bila shaka zimo zinazotafuta hadithi.

Nne, tafuta msomaji mmoja. Awe mwalimu wa shule jirani, karani wa kaunti au mwanafunzi wa kidato cha nne mwenye ulimi mkali. Mwandishi asiye na msomaji katika mji mgeni huwa mpweke mara mbili.

Wakuu wa shule nao wana wajibu. Mwalimu mgeni anaporipoti hukabidhiwa ratiba, madaftari ya kumbukumbu na zamu ya wiki. Sijasikia shule nyingi zinazomwuliza kama anaandika. Ingegharimu nini kumpa pembe moja ya maktaba baada ya vipindi, au kumkabidhi chama cha uandishi cha wanafunzi? Tunawadai wanafunzi insha kila juma, tukiwaambia wajenge mandhari na wahusika, lakini wengi wao hawajawahi kumwona mwalimu wao akikata sentensi yake mwenyewe na kuiandika upya. Mwanafunzi aliyeona hilo mara moja amejifunza jambo ambalo kitabu cha mbinu za insha hakiwezi kumfunza.

Jambo la mwisho ni zito zaidi. Katika eneo hili si kila aliyehama alihama kwa barua ya uhamisho au kwa hiari. Wapo walioondoka Endebess, Cherang'any na miteremko ya Elgon wakikimbia ghasia za mwaka 1991 na 1992, na wengine zile za 2007 na 2008, bila lori na bila sanduku. Watoto wao ni watu wazima leo, na baadhi yao ni walimu. Kwao suala la kuandika katika makao mapya halihusu mapazia na meza. Linahusu ni nani atakayeyahifadhi majina ya mahali walipotoka kabla hayajasahaulika. Hadithi hizo hazitaandikwa na watu wa mbali. Zitaandikwa na aliyezisikia kwa jirani akamaliza siku akiwa na kalamu mkononi.

Kwa miongo kadhaa kiwanda cha Webuye, hapa Bungoma, kilitengeneza karatasi ambazo wanafunzi wa nchi hii waliziandikia, hadi kiliposimama mwaka 2009. Eneo hili liliwapa wengine karatasi, na sasa linadaiwa maandishi. Wageni wanaofika Kitale na Bungoma kila muhula ni wengi, na wenyeji wao ni wakarimu. Ukarimu huo upokewe kwa siku mbili. Siku ya tatu, saa kumi na moja alfajiri, kila mtu na jembe lake.